Bahija na Bustani Isiyopuliziwa Sumu

Baba Paroko, ndugu, majirani na ninyi nyote mliopanda mlima hadi hapa Ain Sfarjal, mimi ni Nakhle, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome historia yake, nami naisoma kwa machozi lakini pia kwa furaha inayonichemka kifuani, maana dada yangu hakuishi maisha ya kusomwa kwa sauti ya chini.

Bahija Tannus alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 hapahapa kijijini, akasoma shule ya masista hadi mwaka 1965, kisha akaajiriwa jikoni kwenye nyumba ya watawa huko Zahle, ambako Sista Filomena alimfundisha kuchanganya mazao, rihani miguuni pa nyanya, vitunguu katikati ya karoti, na pembezoni yale maua ya rangi ya chungwa ambayo wadudu hawaivumilii harufu yake.

Tarehe 7 Oktoba 1973 alifunga ndoa na Faris Abi Hanna, huyu shemeji yangu aliyeketi mbele, na mwaka uliofuata, theluji ilipoyeyuka, akapanda tuta zima la maharage mapana nyuma ya nyumba, akayaacha yakawa meusi kwa vidukari, vile vidudu vinavyonyonya utomvu, bila kuyagusa, mama mkwe akakitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ameoa mvivu, naye Faris kwa aibu akabeba bomba la sumu mgongoni. Jamani, Bahija aliketi katikati ya tuta akamwambia, "Haya pulizia, lakini anza na mimi!" Faris akasema, "Inuka, mwanamke, watu wanatucheka!" Hakuinuka, na bomba likashushwa, na haukupita muda wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wakamiminika kufuata karamu, wakamaliza vidukari wa maharage, wakahamia kwenye matango wakasafisha kila jani, na mama mkwe, Mungu amrehemu, akawa wa kwanza kuja kuomba mbegu.

Walijaliwa watoto wawili, Elias mwaka 1975 na Nuhad mwaka 1978, na wajukuu watano, waliofundishwa kumheshimu chura wa bustanini kabla ya kufundishwa kuniamkia mimi.

Mwezi Januari mwaka huu aliugua ini, akawa anasimamia kazi kutoka dirishani, "Faris, wadudu wako chini ya jani, siyo juu!", hadi alipofariki nyumbani alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta mikate na kahawa chungu, na masista aliofanya nao kazi.

Najua mnanong'ona kwa nini jeneza halina hata ua moja, na bustani yake inawaka maua. Jana Faris alichukua mkasi, akainamia maua ya pembezoni mwa tuta la nyanya, akalia, akaurudisha ndani, kwa sababu Bahija alishamwonya, "Ukinikatia hata moja kabla nyanya hazijaiva, nitafufuka kabla ya siku yenyewe!"

Pumzika kwa amani, dada yangu, nyanya bado mbichi, na maua yako yapo kazini.