Kuku Wetu wa Uani na Mfereji wa Fundi Saa

Mgeni rasmi, Afisa Afya wa mji wetu. Mwenyekiti wa mtaa. Mtaalamu wetu wa mifugo. Majirani mnaofuga na majirani msiofuga:

KARIBU, NA POLE KWA VIATU

Umekuja na viatu vyeupe, nasi tumekupitisha kwenye nyua kumi na nne kabla hata hujapewa kiti. Pole sana. Tunashukuru hukukunja uso, hata pale kwa dereva mstaafu ambapo kuku alirukia mkoba wako. Yule huwarukia anaowapenda tu. Asiowapenda huwadonoa visigino, muulize mwenyekiti.

Wenzangu wamenichagua mimi niisome risala hii kwa sababu, wanasema, sauti yangu inafika mbali na umri wangu haubishiwi. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo ukisikia sentensi inachechemea ujue tumeiandika wenyewe, jioni tatu, kwenye benchi la fundi cherehani. Itifaki inanikataza kukuita mwanangu. Nitajitahidi.

Tunajua kilichokuleta. Barua ya ofisi yako imebandikwa kwenye ukuta wa duka la mkate, nasi tumeisoma mpaka tumeikariri. Inasema kuku wote waondolewe kwenye makazi ya watu ifikapo mwisho wa mwezi huu. Halafu tukasikia kwamba kabla ya kutia sahihi ya mwisho utakuja kujionea mwenyewe. Hilo la kuja mwenyewe limetupa usingizi, maana tulikuwa hatulali.

Kabla sijaendelea, wenzangu wananijua, siwezi kusimama mbele ya watu bila kutega. Kitendawili! Anaamka kabla yangu, ananiamsha kwa kelele, na kazi yenyewe hana. Jibu ni jogoo. Tulipokuwa tunaandika, fundi cherehani alijibu haraka, "Mume wangu!" Na mume mwenyewe ndiye yule pale anayeshika waya za spika.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kina miaka sita, na kilianza kwa ugomvi. Fundi cherehani alikuwa na kuku mmoja mweusi, akapotea. Alimtafuta siku tatu, siku ya nne akaacha kutafuta kuku akaanza kutafuta mwizi. Mlango wa jirani ulikuwa wa dereva mstaafu, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe mwezi uleule na hakuwa anatoka ndani. Fundi akasimama uani kwake, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Wengine wanajifungia ndani wana sababu zao!"

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye, kapu la vipande vya vitambaa pale pale chini ya cherehani likaanza kulia. Kuku mweusi alikuwa amejichimbia humo, na sasa alikuwa na vifaranga tisa. Fundi anasema siku ile alitamani ardhi ifunguke aingie yeye na kapu.

Alichukua vifaranga wawili, akaenda kugonga kwa dereva.

"Kaka, nimekuja kukuomba radhi."

"Hao ni nini?"

"Radhi yenyewe."

"Dada, mimi hata paka sijawahi kufuga. Nitawalea vipi?"

"Kama ulivyolea gari. Maji uyaangalie kila asubuhi, usiwaache juani, na ukisikia mlio usiouelewa, niite."

Akawa anasikia mlio asiouelewa mara nne kwa siku. Kila akiita, wanatoka watu wawili watatu, kila mmoja na lake la kushauri. Hivyo ndivyo tulivyoanza, mgeni rasmi. Hakuna aliyetuita mkutanoni. Mzee mmoja mwenye msiba alikuwa anaita, "Jamani, huyu ana nini?" na sisi tukawa tunakwenda.

TUNACHOJIVUNIA

Leo tuko kaya kumi na nne. Hakuna mwenye kuku zaidi ya kumi na watano. Sisi si wafugaji wakubwa, ni watu ambao mtoto akiumwa kuna yai, mgeni akija ghafla kuna mboga, na nyumba ikiwa kimya mno kuna mtu wa kusema naye.

Kila Jumapili mchana tunakaa kwenye lile benchi tunafundishana. Kwamba majivu makavu kwenye kiota huwakimbiza utitiri. Kwamba kuku mgeni hukaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji, hata kama aliyekupa ni mama mkwe wako na amekuapia kuwa ni mzima. Kwamba anayeatamia asihamishwe mchana, atagoma. Msubiri giza liingie, umbebe polepole kama mtoto aliyelala garini. Kwamba yai hupimwa siku ya saba kwa tochi ya simu, na ukiona mishipa kama buibui ndani, usilitikise kwa furaha. Dereva alilitikisa.

Nitege tena? Haya. Nilimweka hana mguu wala mdomo, siku ya ishirini na moja ananikimbia. Mnalijua wote, kaeni chini.

Majogoo nao tuliwapangia. Walikuwa watano wakishindana, na majirani wasiofuga walikuwa wakitusalimia kwa shingo upande. Tukabaki na wawili, na hao wawili hulala ndani ya makasha yenye dari fupi. Jogoo asipoweza kunyoosha shingo, hawiki. Anafunguliwa watu wakishaanza kwenda kazini.

Lakini tunachojivunia kuliko vyote ni zamu ya chupa. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaopinda shingo ya kuku na kumaliza banda zima, huja kwenye chupa ndogo inayotosha kuku mia na zaidi. Ikishachanganywa, saa mbili tu imekufa. Nani kati yetu ana kuku mia? Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu tunatoka pamoja, asubuhi moja, nyumba kwa nyumba. Mmoja anabeba chupa ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Mmoja anakamata kuku, mmoja anadondosha, tone moja jicho moja. Na fundi cherehani anamfunga kila aliyechanjwa kitambaa mguuni, kila nyumba na kitambaa chake. Cha dereva ni bluu, cha shati lake la kazini. Changu kina maua mekundu, kimetoka kwenye gauni langu la zamani, na mtaa mzima unalijua gauni lile.

TULIPOKOSEA

Hapa kwenye risala ndipo watu huandika "Changamoto", kisha hutaja mvua, barabara na serikali. Sisi tulijaribu kuandika hivyo jioni ya kwanza. Jioni ya pili tukayafuta. Changamoto yetu ni sisi.

Zamu iliyopita fundi cherehani ndiye aliyekuwa na chupa ya chai. Kwa usafi wake, hakutaka chanjo ya kuku iingie penye harufu ya chai, akaijaza maji yanayochemka, akaiacha ijisafishe. Tulipofika akayamwaga, akatia barafu na chanjo papo hapo, akafunga. Chupa ya chai kazi yake ni kutunza joto, nayo ilifanya kazi yake. Nyumba ya tano dereva alifungua akasema, "Barafu imeyeyuka yote, na maji ni ya uvuguvugu." Tukamjibu wote, na mimi nikiwa wa kwanza, "Twende tu, tunakaribia kumaliza." Kwa hiyo asije mtu akamsema fundi peke yake. Mtaalamu wetu wa mifugo alipokuja kutuuliza, alitusikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akasema, "Mama zangu, mmewatia kuku wenu maji machoni."

Lakini alikuja tumeshachelewa. Wiki ya tatu kideri kiliingia. Kati ya kuku mia moja arobaini na wawili, walibaki thelathini na watatu.

Na sasa kosa lenyewe. Kosa la chupa lilikuwa la kutojua. Hili tulilijua.

Kitendawili cha mwisho, na hiki msijibu. Kilijulikana chini ya mapaa kumi na manne, na benchini hakuna aliyekitaja. Jibu ni aibu. Sisi tunaoshauriana hata juu ya kinyesi cha kifaranga, hatukuambiana kwamba kuku wanakufa, kila nyumba ikidhani imefiwa peke yake. Kuchimba shimo ni kazi inayoonekana. Kwa hiyo kila mmoja, kwa wakati wake, alfajiri watu wakiwa ndani, alibeba mfuko akautupa kwenye mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba ya fundi saa.

Fundi saa hafugi. Ni mtu mpole, anatengeneza saa zetu chumbani kwake mbele, na mke wake alikuwa amejifungua. Mvua ilinyesha mchana kutwa. Mfereji uliziba, maji yakarudi, yakapita chini ya mlango wake na vyote vilivyokuwa ndani ya maji hayo. Mtoto wa siku tisa alilazwa juu ya meza ya saa, maana ndiyo sehemu pekee iliyobaki kavu.

Maji yalipopungua alishuka mferejini mwenyewe, akawatoa kuku mmoja mmoja, akawapanga ukingoni. Na kila mmoja alikuwa na kitambaa chake mguuni.

Alipita milango kumi na minne. Kwangu alisimama amelowa hadi kiunoni, ameshika kipande chenye maua mekundu.

"Bibi, hiki si cha gauni lako?"

"Ni cha gauni langu, baba."

"Basi kuku wako wawili wako kwangu. Njoo uwachukue."

Hakunitukana. Mgeni rasmi, ningelipenda anitukane.

Aliyeandika barua kwa ofisi yako ni yeye, na mwenyekiti alitusomea nakala yake. Tunataka usikie kutoka kwetu: kila neno la barua ile ni kweli. Hakutia chumvi. Ameacha hata mengine. Hakuandika kwamba mkewe alihamia kwa mama yake wiki tatu, kwa sababu ya harufu.

Tumefanya yapi tangu siku hiyo? Tumezibua mfereji Jumamosi nne mfululizo, mpaka unapoishia. Tumechimba shimo la pamoja uani kwa dereva, lina mfuniko wa zege, umeliona. Tumekubaliana kuku akifa nyumba yoyote, siku hiyohiyo ataje, hata kama ni mmoja, hata kama ni kifaranga. Tumeanza kumpigia mtaalamu wa mifugo simu kabla ya chupa kufunguliwa, naye anasema sasa tunampigia hadi anakosa kula. Chupa ya chai ya chanjo imepakwa rangi nyeusi na haijui chai.

Tulikwenda pia kwa fundi saa, kumi na wanne tukiwa pamoja, na trei ya mayai mbele. Alifungua nusu mlango.

"Mayai sitaki."

"Tumekuja kuomba msamaha, baba."

"Nimewasikia, bibi. Kusikia nimewasikia."

Akafunga, polepole, mtoto asiamke. Tangu hapo salamu anaitikia. Zaidi ya salamu hatujui, na hatumlazimishi.

OMBI LETU

Jioni ya tatu tulikuwa na maombi saba. Uturuhusu kuku kumi kila nyumba. Utupe miezi sita ya majaribio. Jokofu dogo la chanjo. Mengine nimeyasahau. Dereva aliyasikiliza yote, kisha akasema, "Tunamwomba mtu ambaye maji hayakuingia kwake." Tukachukua kalamu tukayakata yote saba.

Mwanangu, samahani, mgeni rasmi. Tuna ombi moja.

Kwa ratiba, nikimaliza mimi unasimama wewe kutujibu. Tunaomba usisimame kwanza. Tulimwekea fundi saa kiti mstari wa mbele, naye amekaa wa nyuma kabisa, karibu na lango, na mkewe, na mtoto. Hiyo ni haki yake. Tunakuomba uruhusu kipaza sauti hiki kipelekwe kule nyuma, na umsikilize yeye. Hatujazungumza naye juu ya hili, na hatujui atasema nini. Akisema kuku wabaki, tutawafuga kama watu waliopewa mara ya pili. Akisema waondoke, hatutakusumbua kwa barua wala kwa machozi. Ifikapo mwisho wa mwezi utakuta nyua zimefagiwa. Dereva amekubali, na ndiye aliyekuwa na ugumu kuliko sisi sote. Yeye kwake kumebaki mmoja, yule aliyerukia mkoba wako.

Na wewe fundi saa, baba, usijali kutupendeza. Sema kama ilivyo. Usiposema neno pia, tutaelewa.

Mungu akupe afya wewe unayelinda afya za wengine, akufikishe kwako salama, na amkuze mtoto yule awe na usingizi mzito.

Ni sisi, mimi na hawa waliosimama nyuma yangu hapa, kaya kumi na nne,

KIKUNDI CHA KUKU WA UANI.

Mume wa fundi, legeza waya. Kipaza sauti kinakwenda nyuma.