Puseletso Hakuwa na Kosa

Sogeeni, wanangu, pumzi niliyobaki nayo haifiki mlangoni. Nthatuoa, binti yangu wa kwanza, kaa hapa. Teboho, mwanangu, zima hiyo redio. Nyumba ni yenu wawili, msije mkajenga ukuta katikati. Ng'ombe watatu ni wa Teboho, shamba la bondeni ni la Nthatuoa. Hayo ni madogo. Kubwa ni la mdogo wangu Puseletso, ambaye tangu utotoni mmeambiwa aliuawa na theluji.

Mimi ndiye niliyemtuma kwenye hiyo theluji.

Sikilizeni. Niliacha shule kidato cha pili, hesabu zilinishinda, nikarudi nyumbani kusonga papa, ugali wetu, na kumtazama yeye kila asubuhi akivaa sare iliyokuwa yangu. Kijicho ni moto wa pumba: hauna mwali, lakini huunguza hadi chini. Mwaka alioshindwa mtihani wa mwisho alinifuata jikoni, macho mekundu. "Dada, nisindikize kwa baba. Maseru kuna shule ya watu wazima, naweza kurudia huku nafanya kazi."

Nikamcheka. "Karibu kwetu mbumbumbu! Mwiko huu hapa." Kisha nikamtangulia kwa baba, nikamwambia kilichomfelisha ni wanaume. Uongo mtupu. Baba akaapa kwamba hana tena binti wa kusomesha.

Kesho yake asubuhi alijifunga blanketi, akashika njia ya mlimani kwenda kutafuta basi. Adhuhuri theluji ikaanguka. Wachungaji walimkuta siku ya tisa, vitabu amevikumbatia kifuani chini ya blanketi, vikavu.

Baba alikufa akiuamini uongo wangu. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuja na hakuondoka. Nilipofika miaka hamsini na tatu nikajiandikisha darasa la watu wazima pale kanisani, nanyi mkanitania kwamba bibi amerudia utoto. Kila alasiri niliketi pembeni mwa benchi, nikamwachia Puseletso nafasi. Mwalimu akaniuliza, "Mama, unamngoja nani?" Nikamjibu, "Mwenzangu amechelewa." Nikikosea hesabu, nilisikia mtu akihema kando yangu, kama aliyepanda mlima mrefu. Nilifeli mara mbili, ya tatu nikafaulu. Nilidhani nikipata cheti ataniacha. Hakuniacha.

Sasa, Nthatuoa. Juzi nilikusikia ukimwambia mwanao Relebohile, "Umefeli, basi kaa uoze na bibi yako." Niliitambua sauti ile: ni yangu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini mimi nimeuona ukizika mtu. Jumatatu mpeleke darasani wewe mwenyewe, usiondoke mpaka jina lake liandikwe. Teboho, uza ng'ombe mmoja upate fedha za vitabu vyake. Ukitaka kununa, linunie kaburi langu. Na mkinizika, simameni mbele ya ukoo mzima mseme kwa sauti: Puseletso hakuwa na kosa, mwongo alikuwa mama yetu. Msione haya kwa ajili yangu.

Mungu awape... nipeni maji. Hapana, acheni. Mungu awape ulimi mwepesi wa kuomba radhi kabla jua halijazama juu ya mtu. Awape na... basi, mmeshapata. Nendeni.

Relebohile, usijifiche nyuma ya mama yako. Wewe baki. Fungua kitabu, mjukuu wangu. Soma polepole... tuko wawili tunaosikiliza.