Paa la Koo Kavu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Mbukwenyi nyote mliokanyaga vumbi hili mpaka hapa Buigiri! Mimi si msemaji. Kuna mwaka nilikaa peke yangu mpaka maneno yakaniishia mdomoni. Lakini leo nina sababu ya kusimama, na mtaijua kabla sijakaa.

Wengi mnajua kwamba nilikwenda kuwajengea Wadachi reli yao. Tulichimba tuta, tukabeba vyuma, jua likatuchoma mgongo. Huko kambini ndiko nilikomjua Bwana, na huko huko nikaona pombe inavyommaliza mwanamume na nguvu zake. Siku ya ubatizo nikaahidi: sinywi, wala kwangu haipikwi. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha tele. Loo! Nikakuta tembe langu limelala chini. Mvua zilikuwa zimeangusha paa, mchwa wamekula nguzo, na mke wangu Mbeleje alikuwa amerudi kwao. Simlaumu. Angelala wapi?

Nikaenda kwa baba mkwe, nikakaa chini kwa adabu. Mzee hakunitukana. Aliniambia, "Mkwe wangu, mke wako sikunyimi. Ila ezeka kwanza. Mvua zikikukuta bila paa, tutakuja kuchukua jiwe lake."

Ndugu zangu, hapa hakuna asiyejua maana yake. Mwanamke akiondoa jiwe lake la kusagia, nyumba haipo tena. Nikarudi mbio, nikalifukua lile jiwe kwenye kifusi, nikaliosha, nikaliweka mahali pake, katikati ya kuta zilizobomoka. Nikaliambia, wewe utakaa hapa hapa. Naam, niliongea na jiwe! Sikuwa na mwingine wa kuongea naye.

Sasa, paa bapa la tembe si kazi ya mtu mmoja. Mkeo anapika pombe, kijiji kinakuja, wanapandisha udongo mbichi, wanaukanyaga wote kwa wimbo, na jioni wanakunywa. Ndivyo walivyofanya mababu. Mimi nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiwaalika: njooni, kuna ugali na mlenda. Siku ilipofika hakuja mtu. Hata mbwa hakuja! Jirani yangu Chalo alipita njiani akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe bwana! Koo kavu halikanyagi udongo!"

Ule ugali nilioupika kwa ajili ya watu wengi niliula peke yangu, nikalia. Nilitamani nirudi kambini. Kule mnyapara alikuwa akinitukana kila siku, lakini angalau alinijua jina. Na shetani naye hakulala: pika mtungi mmoja tu, akaniambia, Bwana wako ataelewa. Nilishika mtama mkononi, ndugu zangu. Nikaurudisha ghalani.

Nikachukua shoka nikaingia porini. Nilikata miti migumu ambayo mchwa huiogopa, yenye panda juu, nikaivuta mmoja mmoja. Nguzo ya kwanza nilipoisimamisha na kuishindilia, niliisukuma kwa bega. Haikutikisika! Nikacheka kwa sauti pale uwanjani. Mtu aliyeachwa na watu, akisimamisha kitu kikasimama, hata moyo wake unapata pa kuegemea. Nikaponda udongo na mavi ya ng'ombe, nikasiriba ukuta kwa viganja, nikarudi nyuma kuutazama. Ulikuwa umepinda kidogo. Nikaupenda hivyo hivyo. Kila jioni mikono iliniuma, na maumivu yale yalikuwa matamu, maana yalinionyesha nilichofanya. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Tazama!" Hilo ndilo lililonichoma.

Kuta zikaisha, magogo yakapanda, fito na majani juu yake. Ikabaki udongo. Nikapandisha, nikakanyaga upande wa mlangoni. Nilipofika upande wa pili, wa kwanza umeshakauka na kupasuka. Mnajua wenyewe, udongo wa paa hausubiri mtu mmoja azunguke. Manyunyu ya kwanza yakashuka, na ndani kukavuja kila mahali. Nilisimama chini ya paa langu mwenyewe nikiloa. Nikasema, Bwana, umenipa miguu miwili, na hili paa linataka miguu ya kijiji. Basi fanya unavyojua.

Jua lilipotoka nikapandisha udongo mwingine. Nikaanza kukanyaga, na safari hii nikaimba ule wimbo wa kazi, maana kimya kilikuwa kinaniua. Nikauliza, "Paa hili la nani?" Nikajijibu mwenyewe, "La sisi sote!" Sisi sote! Na nilikuwa mimi tu na mbingu! Watoto wa kuchunga walinicheka kutoka bondeni. Nikaendelea kuuliza na kujijibu, machozi yakadondokea udongoni.

Ndipo nikawaona wanakuja. Mbeleje, na kaka yake nyuma. Nikajua wamefuata jiwe. Wakaingia ndani bila salamu. Ningeshuka niwasihi, lakini udongo ulikuwa mbichi chini ya nyayo zangu, na nikishuka umekwisha. Kwa hiyo sikushuka. Nikasikia kaka mtu akiguna, jiwe linainuliwa. Nikaimba tena, kwa sauti ya kupasuka, "Paa hili la nani?" Na safari hii koo likakataa. Sikuweza kujijibu.

Halafu sauti ikatoka chini ya miguu yangu, ndani ya nyumba: "La sisi sote!"

Ndugu zangu! Mwanamke yule hakuweza kuvumilia kusikia wimbo umeuliza ukakosa jibu. Alimwambia kaka yake atue lile jiwe, akapanda juu, akafunga nguo yake vizuri, akakanyaga. Kaka mtu alibaki chini akinung'unika, akauliza kama kweli hapa hapanyweki kitu. Mbeleje akamjibu kuna uji, apande. Akapanda! Kabla ya jua kuzama udongo ulikuwa umeshikana. Mvua ziliponyesha tulikaa ndani tukizisikiliza, na paa halikuvuja tone.

Chalo? Anaitazama nyumba yangu mpaka leo, hacheki tena.

Nimshukuru nani kama si Bwana! Basi sikilizeni sababu iliyonisimamisha. Yule dada aliyeketi pale nyuma peke yake amebatizwa juzi. Ndugu zake wamemwacha. Nimepita kwake: nguzo zimesimama, kuta amesiriba mwenyewe kwa mikono yake, nzuri kuliko zangu. Udongo wa paa uko chini, na mawingu mnayaona. Dada, usiogope, mwamini Bwana. Kesho asubuhi mimi na Mbeleje tutakuwa juu ya paa lako. Pombe haipo. Nami nitauliza kwa nguvu zangu zote, kisha nitanyamaza, nisikie.

Ndugu zangu, paa hili la nani?