Hesabu ya Ng'ombe

Ilikuwa Jumatano, mwaka 1996, saa mbili asubuhi, na jua lilishaanza kuchoma. Ndani ya basi la Liboi, Mwalimu Koome alitazama dirishani, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Hapo Weris, mke wa mchuuzi wa ng'ombe, alizungumza na muuguzi aliyekutana naye safarini.

"Mume anakaa Liboi. Kila mwezi naenda kwake damu ikikaribia, na mtoto hakuna," alisema Weris. "Ng'ombe akionyesha damu, abaayo, dada yangu, ujue alitaka dume juzi tu."

Muuguzi alicheka. "Wewe si ng'ombe, dada. Yai la mwanamke hutoka yapata wiki mbili kabla ya damu. Unafika limeshaharibika."

"Wallahi? Ng'ombe amenidanganya miaka mitatu?"

"Rudi nyumbani, uende damu ikishakwisha."

"Nirudi? Na mama yake anamtafutia mke wa pili! Nitakaa huko huko, yai linikute."

"Na mbuzi wako?"

"Mama yake atawakamua. Si yeye anataka mjukuu?"

Basi likasimama kwenye kizuizi cha polisi, Dadaab. Muuguzi alishuka, akaenda kazini. Weris alimwagiza kondakta apeleke habari nyumbani kwamba harudi mwezi huu. Koome, ambaye mkewe alikuwa amebaki Meru, alianza kuhesabu kwa vidole siku zilizobaki kabla ya likizo, kisha siku za mkewe.