Uso wa Dirishani

Kijiwe chetu ni benchi la mawe la muuza kahawa, chini kabisa ya ukuta wa ngome ya Agra. Kila alfajiri mfalme hutokea kwenye dirisha la juu, raia wamwone, wajue dunia bado ina mwenyewe. Sasa dirisha limefungwa kwa pazia siku nyingi. Rafiki yetu Gokal, mtia rangi nguo, ni katika wale walioweka nadhiri: hawatii kitu mdomoni mpaka wauone uso ule. Ameegemea ukuta, midomo imempasuka, na sisi, Mungu atusamehe, tunabishana.

— Tumbo tu hilo, alisema Pembe, aliyewahi kuchunga tembo wa mfalme. Kala matikiti maji mengi.

— Astaghfirullahi! Kivuli cha Mungu kiumwe tumbo? alifoka Mulla Nusu, tunayemwita hivyo kwa kuwa aliacha chuo katikati. Amepandishwa daraja. Sasa ni nuru tupu, macho yetu hayamwezi.

— Nuru ifunge dirisha ya nini? Pembe akamrudia. Mimi nakwambia tumbo hilo limeshamuua zamani, wanawe wanagombea kiti humo ndani.

— Shusha sauti, bwana! nikamwambia. Utatukatisha vichwa.

— Angekufa, jua lingechomoza kwa idhini ya nani? Mulla akadakia. Limechomoza, basi yu hai. Tena jua ndiye yeye! Gokal, umeliona jua? Umemwona mfalme. Kula!

— Jua si uso, alisema Gokal, sauti haitoki vizuri.

Nikaona hapa nidanganye tu.

— Jana kilemba chake kilipita nyuma ya pazia, Gokal. Nimekiona kwa macho yangu haya.

— Kilemba si uso, ndugu yangu.

Roho iliniuma, jamani. Mtu anakufa mbele yako, na hata uongo wako haumfai kitu.

Ndipo akaja Champa, mkewe, mkate na dengu kafunga kwenye kitambaa. Hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu.

— Baba Mohan, kula, alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

— Sijamwona.

Akatugeukia.

— Shemeji zangu, nyie ndio mnaojua mambo ya ngome. Mfalme akiamka, anautazama uso wa nani ndipo ale?

Pembe akainamia kikombe chake. Mimi nikatazama juu dirishani, pazia limetulia vile vile.

Champa hakungoja. Akamega mkate, akauweka kiganjani mwa mumewe, akamkunja vidole kimoja kimoja. Alipouachia mkono, vidole vikafunguka, mkate ukaanguka vumbini. Akamtikisa bega. Akamtikisa tena.

— Gokal, akaita.

Kwetu mke halitaji jina la mumewe maadamu yu hai.