Pembe Iliyolia Siku ya Krismasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Naomba mnivumilie, maana sijazoea kusimama mbele za watu. Mchungaji ameniambia niseme kwa kifupi, nami nimemjibu, Baba Mchungaji, mwaka ule haukuwa mfupi. Kwa hiyo aliyeacha nyama jikoni amtume mtoto akaitazame.

Wengi mnanijua, ila wageni mliopanda kutoka Dar na Arusha kuja kula Krismasi huenda hamnijui. Mimi ni Mama Elisante, nakaa ng'ambo ya bonde, ile nyumba yenye migomba mbele. Marehemu mume wangu Eliakimu ndiye aliyekuwa mpiga pembe wa msaragambo. Nyie watoto wa mjini msiojua msaragambo, ni kazi ya pamoja: barabara, mfereji wa maji, shule. Pembe ikilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Hakuna kulipwa. Baba yake alikuwa akiipiga pembe hiyohiyo, na babu yake pia. Ni pembe ya tandala, imekuwa nyeusi kwa moshi, maana alikuwa anaitundika jikoni kwangu, na mimi nikimwambia aitoe ananinunia.

Ndugu zangu, mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, lakini pesa za kununulia hatuna. Kahawa bei imeanguka, watu wanang'oa mibuni. Huko chini mashamba ya mkonge yakapunguza watu, na mwanangu Elisante akawa mmoja wao. Akaenda Arusha kuuza mitumba, mkewe Niwaeli akabaki kwangu. Kila mtu akawa anahangaika na lake. Mume wangu akipiga pembe wanakuja wachache, akipiga tena wanapungua. Jirani yetu Mzee Mbazi, yule pale, anacheka kwa kuwa anajua nitamsema, alikuja uani kwetu akamwambia mume wangu, "Eliakimu, unajichosha bure. Siku hizi ni soko huria. Mtu hashiki jembe bila posho."

Mume wangu akamjibu, "Na mvua nayo tuilipe posho ndiyo isibomoe kona?"

Kona hiyo ni ile ya kushukia Makanya, penye korongo. Magogo yaliyoshikilia barabara pale yalikuwa yameoza. Mume wangu alilisema jambo hilo mpaka nikamwonea huruma. Akaenda kupachika mawe peke yake, akarudi ameloa chapachapa, anakohoa. Masika ilipokolea kona ikakatika. Na kile kikohozi kikawa kichomi.

Tukamtia kwenye machela. Gari halipandi, halishuki. Vijana wakabeba kwa kupokezana, mvua inatupiga, mimi nimeshika mguu wake kwa juu ya blanketi. Tulipofika pale unapoanza kuiona barabara ya lami kwa chini, magari yanapita yanang'aa, mguu ule ukawa mzito mkononi mwangu. Nilijua. Niliendelea kutembea mpaka vijana walipotua machela wapumzike. Hapo ndipo nilipolia.

Elisante akaja tukamzika, akarudi Arusha. Pembe ikabaki ukutani. Wazee walisema wangemchagua mpiga pembe mwingine msiba ukiisha, lakini msiba uliisha na hakuna aliyechaguliwa. Kiangazi watu wakamwaga udongo pale konani, magari yakapita, mambo yakaisha.

Halafu, ndugu zangu, Niwaeli akaniambia ana mimba.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi sikuweza. Nilihesabu miezi nikaona mtoto anaangukia mwishoni mwa mvua za vuli, na nikaiona kona. Tangu siku hiyo sikulala vizuri. Kila wingu lililokaa juu ya mlima Shengena nililiangalia kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemjua. Nilikuwa nikiomba asubuhi, nikiomba shambani, nikiomba nikikoroga ugali, na nikimaliza amina hofu iko palepale. Niwaeli akikohoa nasimama. Niwaeli akichelewa mtoni namfuata. Mpaka akaniambia, "Mama, mwenye mimba ni mimi au ni wewe?"

Nilimwambia ashuke mapema akakae kwa ndugu zetu Same, karibu na hospitali. Hakutaka. "Nikuache peke yako na msiba wa baba? Na Elisante anakuja Krismasi, anikute wapi?" Tukakubaliana kwamba Krismasi ikipita tu tunashuka wote watatu. Kliniki walikuwa wametuambia mtoto ni wa Januari. Nikajituliza hivyo, lakini sikutulia.

Usiku wa mkesha ilinyesha mvua ya kutisha. Asubuhi ya Krismasi wapita njia wakasema kona imekwenda yote. Kuna mfanyabiashara alikuwa amepanda na pikapu lake jana yake, kaleta soda na mchele, sasa amenasa huku juu. Elisante alikuwa hajafika. Watu wakavaa, wakaenda kanisani, kengele ikalia. Mimi nikabaki, kwa sababu Niwaeli aliamka ameshika kiuno.

Nilidhani ni uchovu. Haukuwa uchovu. Nikamwita Mama Nanzia, mkunga wetu, ambaye miguu ilikuwa inamsumbua kwa hiyo hakwenda ibadani. Akaingia chumbani, akakaa humo, akatoka anajifuta mikono taratibu. Mtu akijifuta mikono taratibu namna ile, moyo wako unajua.

"Mama Elisante," akasema, "mtoto amelala upande. Hapa mimi sina langu. Huyu afike hospitali, na aondoke sasa hivi, la sivyo tutawapoteza wote wawili."

Ndugu zangu, nilitoka nje nikazunguka nyumba. Kijiji kizima kiko kanisani, na kanisa liko mgongo ule mwingine wa mlima, ushuke bondeni upande tena. Kwa miguu yangu hii ningefika wakati wa sadaka. Nikasema kwa sauti, pale nyuma ya jiko, "Bwana, mmoja umemchukua kwenye njia hii. Hawa usinichukulie. Nakuomba. Sina maneno mengine." Nilipoinua kichwa nikaona mlango wa jiko uko wazi, na pembe iko ukutani.

Nikaitungua. Mama Nanzia akaniona akasema, "Weye, mwanamke hapigi pembe. Na tena leo ni Krismasi, msaragambo hauitwi sikukuu."

Nikamwambia, "Basi ziba masikio."

Nilipanda pale kwenye jiwe alipokuwa akisimama Eliakimu. Nikapuliza, ikatoka mate na upepo. Nikapuliza tena, ikatoka sauti ya ng'ombe aliyekabwa. Nikakumbuka alivyokuwa anaibana midomo, nikabana, nikapuliza kwa nguvu zangu zote mpaka nikaona nyota. Ikalia, ikavuka bonde. Nikapiga mlio mrefu, kisha mrefu tena, kama alivyokuwa akipiga yeye.

Yaliyotokea kanisani niliambiwa baadaye. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri. Watu wakatazamana. Mama mmoja akasema, "Ni pembe ya Eliakimu," na mwenzake akasema, "Si tulimzika?" Watoto wakaanza kulia. Mchungaji akangoja inyamaze aendelee, haikunyamaza. Na wa kwanza kusimama, ndugu zangu, alikuwa Mzee Mbazi, amevaa viatu vipya vya Krismasi. Alisema tu, "Mchungaji, samahani, mimi naenda," akatoka. Kanisa likamfuata. Mchungaji akaja na joho lake.

Nikawaona wanamiminika bondeni, nguo za rangi zote, nikashuka kwenye jiwe kuwapokea. Sikuwa na haja ya kueleza sana. Vijana waliingia na machela. Mwenye pikapu akaitwa, akasema, "Gari ninalo. Njia ndiyo sina."

Mkumbuke kwamba wakati huo kanisa hili lilikuwa halijaezekwa, tulikuwa tunasali kwenye lile la zamani. Mbao za kenchi za paa tulikuwa tumezinunua kwa mavuno yetu, sadaka ya ndizi na kuku na maharage, mnada baada ya mnada, zimepangwa ukutani zinasubiri fundi. Mchungaji akasema zipelekwe konani. Mzee mmoja wa kanisa, simtaji, akasema, "Baba Mchungaji, zile ni mbao za Bwana." Mchungaji akamwambia, "Ndiyo. Na Bwana leo anazitaka konani."

Nilifika pale nikitembea pembeni ya machela, upande uleule, nimeshika mguu wa Niwaeli kwa juu ya blanketi, halafu nikauachia kwa woga, nikaushika tena. Mahali penyewe palikuwa shimo linalotazama korongo. Watu wakapanga mstari, mawe yakawa yanapita mkono kwa mkono. Kina mama walijifunga kanga juu ya magauni mapya. Waliokuwa na nyumba karibu walikimbilia majembe. Mzee Mbazi viatu vilishazama kwenye tope zamani, hata hakuviangalia.

Mimi sikuweza kubeba hata jiwe. Nilikaa kando ya Niwaeli. Alipokuwa analia nilitamani anyamaze, na aliponyamaza nilitamani alie. Mama Nanzia, na miguu yake ile mibovu, alikuwa amekuja naye, kamwekea mkono tumboni, midomo inamchezacheza. Nikamuuliza, "Bado yupo?" Akasema, "Yupo. Usiniulize tena." Nikamuuliza tena.

Sasa upande wa pili wa shimo walikuwa wanapanda watu wa Krismasi, wametembea kutoka chini na mizigo kichwani kwa kuwa hakuna gari. Walipoona watu wanajaza mawe, wakatua mizigo wakaanza kujaza kwa upande wao. Kijana mmoja mwenye koti jeupe alikuwa mbele yao. Aliinua jiwe kubwa akalitupia mahali pake, akaenda kuleta lingine, akaleta lingine. Hakuuliza mgonjwa ni nani. Ni mpaka mbao zilipolazwa, akavuka kuja kusaidia kuzishikilia, ndipo akaniona. Akaangalia machela. Ndugu zangu, alikuwa Elisante wangu. Sitaweza kuwasimulia uso wake.

Pikapu likashushwa kila kitu, hata tairi la akiba. Dereva akaingia peke yake. Mbao zikalalamika, tairi la nyuma likateleza, na Mchungaji alikuwa chini kabisa ya mbao anasukuma kwa bega. Likavuka. Hakuna aliyeshangilia. Tukampakia Niwaeli tukashuka.

Tulipita pale mahali pa Eliakimu, penye kuonekana lami. Nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa tumeshapita, na Niwaeli alikuwa analalamika kwamba namfinya.

Hospitali walimpeleka moja kwa moja kwenye upasuaji. Mimi na Elisante tukakaa kwenye benchi, matope yanatukaukia mwilini. Alikuwa ameniletea mkate wa Krismasi, umebondeka ndani ya begi kama chapati. Hakuna aliyekula. Kila mlango ukifunguliwa nasimama. Mwisho akatoka nesi mmoja, akatutazama tulivyo, akasema, "Mama, kaa chini kwanza. Wako salama wote wawili. Ni mvulana." Nikakaa sakafuni, maana benchi sikuliona lilipo. Ndipo tukaula ule mkate, na haijapata kutokea mkate mtamu namna ile.

Mwaka umepita. Huyu hapa mgongoni kwa mama yake ndiye Eliakimu mdogo, anayewatupia jicho wanaokohoa. Niwaeli, simama wakuone. Ahsante Yesu.

Mtu ameniuliza, Mama Elisante, mbona Mungu hakufanya hivi kwa mzee wako? Ndugu zangu, sijui. Nimemuuliza, na sitawadanganya kwamba amenijibu. Mume wangu alikufa na bado namlilia, hata leo nilipokuwa nachagua ndizi za kupika. Lakini nilimwita Bwana nyuma ya jiko, sina mtu, sina njia, sina maneno, naye akaniletea kanisa zima. Basi namtumaini huku nikiogopa. Kama na wewe unaogopa, usingoje woga uishe ndipo umwite. Mwite nao hivyohivyo.

Mbao zilirudishwa, zikaoshwa, fundi akazipandisha. Inueni macho. Ile ya tatu kutoka mlangoni bado ina alama ya tairi. Fundi alitaka kuipiga randa, Mchungaji akakataa.

Jambo la mwisho, kisha mkale. Wazee wamesema pembe nibaki nayo mimi, mwanamke kama mnavyoniona. Jana nimepita konani, upande wa korongo kuna ufa, na vuli bado haijaisha. Kesho alfajiri nitapiga. Posho ni makande kwangu, Mzee Mbazi, na yana maharage mengi. Wageni nanyi mje, hata mliovaa makoti meupe. Humu ndani yumo mtu ambaye njia ile itamwokoa mtu wake, na mimi simjui, na yeye mwenyewe hajijui. Kwa hiyo pembe ikilia msiulize inalia kwa ajili ya nani. Elisante wangu hakuuliza.