Janice Ndinda Njau, Aliyechagua Pete kwa Kutazama Mikono

Dada yetu Janice Ndinda alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 huko Kilimambogo, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kyengo na Mama Mutheu. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1998. Mwalimu wa hesabu alimpa jina la "Kwa Nini", maana hakukubali somo liishe kabla hajaridhika.

Mwaka wa 1999 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika. Huko ndiko alikokutana na Zacharia Njau wa Mwihoko, fundi wa mitambo. Mwaka wa 2004 Zacharia alimvisha pete ya uchumba yenye almasi ndogo ya umbo la tone, mviringo upande mmoja na ncha upande wa pili. Ncha ile ilinasa nyuzi kila alipoinua mkono, basi akaivua akaitia mfukoni. Zacharia alipoona kidole kitupu, hakuuliza. Aliomba abadilishiwe zamu, na mipango ya ruracio, yaani mahari, ikasimama.

Janice alimfuata hadi Mwihoko, akamkuta akinywa chai na mama yake. Alimwekea pete kiganjani.

"Zacharia, mimi sijakukataa. Hii ncha ndiyo imenishinda kazini. Twende kwa sonara, tuchague pamoja."

Mama mkwe wake husimulia kuwa Zacharia aliiacha chai pale pale.

Sonara wa Thika, Mzee Boaz, aliwaeleza kwa utulivu. Almasi ya mviringo humeta kuliko zote. Ya mraba ina pembe kali zinazoweza kumeguka. Ya mstatili, iliyochongwa kama ngazi, huonyesha wazi doa lolote la ndani. Ya umbo la yai humeta karibu sawa na ya mviringo, haina ncha, na hufanya kidole kionekane kirefu. Wakachukua yai. Janice aliuliza maswali mengi hata Boaz akamwambia kwamba akichoka na kiwanda, aje dukani.

Akaenda kweli, akajifunza kazi kwake. Walifunga ndoa kanisani Ruiru tarehe 17 Desemba 2005, wakajenga Kalimoni. Mwaka wa 2012 alifungua duka lake mwenyewe Ruiru. Wachumba walipotaka kuona mawe, yeye alitaka kwanza kuona mikono.

"Hii mikono hushinda ikifanya nini?" aliwauliza.

Wangechi, msusi, alitaka almasi ya mraba iliyoinuka juu. Janice alimshauri achukue ya mviringo iliyokaa chini, isivute nywele za wateja. Wangechi yuko nasi hapa leo, na pete yake ameivaa.

Mapema mwaka huu moyo wa Janice ulianza kudhoofika. Alitibiwa Thika, akaruhusiwa kwenda nyumbani, akalazwa tena mwezi wa Oktoba. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, Zacharia alikuwa akimchana nywele kitandani. Janice alimwambia achane polepole, halafu akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Amemwacha mumewe Zacharia, watoto wao Idah na Muriithi, mama yetu Mutheu, mama mkwe wake Waruguru, na mimi mdogo wake, Kaloki.

Lala salama, dada. Mungu akupe pumziko jema.